Kifungo Kikivunjika Hakitoi Nishati: Kutoka Tanuri la Chokaa Hadi Ndani ya Seli

Fungua daftari la baiolojia la mwanafunzi yeyote wa sekondari, awe Kibaha au Kisumu, na huenda ukaikuta sentensi hii: ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) ina vifungo vyenye nishati nyingi, na vikivunjwa nishati hiyo hutoka. Mwalimu ameiandika ubaoni, mwanafunzi ameinakili, mtihani umeiuliza na alama zimetolewa. Kisha kengele inalia, mwanafunzi yuleyule anaingia kipindi cha kemia, na huko anaambiwa kuwa kuvunja kifungo hula nishati, siku zote, bila msamaha. Sentensi hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Ya kemia ndiyo ya kweli. Ukiishika barabara, mengi yanayowatatiza watu kuhusu mimenyuko inayotoa nishati na ile inayofyonza yatajifungua yenyewe.

Tuanze na hesabu. Atomu mbili zikishikana, ni kwa sababu zikiwa pamoja nishati yao iko chini kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kuzitenganisha ni kazi, na kazi hulipiwa. Kuvunja vifungo vya moli moja ya gesi ya hidrojeni (moli ni idadi maalumu ya chembe ambayo wakemia huitumia kupimia) kunadai kilojuli 436. Vya moli moja ya oksijeni, kilojuli 498. Chukua moli mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, zilipue: umelipa 436 mara mbili na 498 juu yake, jumla 1,370. Lakini atomu hizo hazikai hewani bila mwenzi. Zinaungana upya kuwa mvuke wa maji, zikitengeneza moli nne za vifungo kati ya hidrojeni na oksijeni, na kila moli inarudisha kilojuli 463 hivi. Jumla 1,852. Toa ulicholipa, inabaki 482, nayo ndiyo joto na mshindo wa mlipuko. Hakuna hata kilojuli moja iliyopatikana kwa sababu kifungo kimevunjika. Zote zimepatikana kwa sababu vifungo vipya ni imara kuliko vile vya mwanzo. Mmenyuko ukiishia kwenye vifungo dhaifu kuliko vya mwanzo, hesabu inageuka, na mazingira ndiyo yanayolipa.

Jiko la mkaa linafuata hesabu hiyohiyo. Moli moja ya kaboni ikipata hewa ya kutosha huwa hewa ukaa na kutoa kilojuli 393.5. Ikipata hewa kiduchu huishia njiani, ikiwa kabonimonoksaidi, na kutoa 110.5 tu. Zile 283 zilizosalia bado hazijadaiwa. Ukiona ndimi za buluu zikicheza juu ya makaa, ndizo hizo zinadaiwa: kabonimonoksaidi inakutana na oksijeni na kumalizia safari. Pasipo na ndimi hizo gesi inatoka ilivyo, haina rangi wala harufu. Ndiyo maana jiko ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Kwa upande wa mimenyuko inayofyonza, mfano mzuri kuliko yote ninayoijua uko pwani yetu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, na magofu ya Gedi na Kilwa Kisiwani, zimesimama kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyopikwa kutokana na matumbawe hayohayo. Jiwe la tumbawe karibu lote ni kalisi kabonati. Kwenye tanuri, ambalo wengine huliita tanuu, magogo hupangwa kwa duara, mawe hurundikwa juu yake, na moto hutiwa katikati. Jiwe linapopata joto la kutosha hutoa hewa ukaa, na kinachobaki ni kalisi oksaidi, chokaa ambayo haijazimwa. Kila moli moja, yaani gramu 100 za jiwe, inameza kilojuli 178.

Joto la magogo linagawanyika. Sehemu inapasha mawe, sehemu kubwa inapotelea angani, lakini zile 178 zinaingia ndani ya mmenyuko na hakuna kipimajoto kitakachozionyesha. Hapo ndipo wengi hukwama: wanataka kujua zimejificha wapi. Hazikujificha ndani ya kitu kama hela ndani ya mto. Zimetumika kutenganisha vilivyokuwa vimeshikana, na sasa kalisi oksaidi na hewa ukaa, vikikutana tena, vina pa kushukia.

Na vinashuka kwa awamu mbili. Ya kwanza ni kuzima chokaa. Bonge jeupe likimwagiwa maji huyanywa kwanza kimyakimya, kisha huanza kunguruma, linapasuka, linafuka mvuke, linavimba na kuporomoka kuwa unga laini. Kila moli inatoa kilojuli 65. Fanya hesabu ya kilo nzima: zinatoka kilojuli 1,160 hivi, zinazotosha kuchemsha zaidi ya lita tatu na nusu za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Ndiyo maana anayezima chokaa hukaa upande upepo unakotoka na kuyalinda macho, kwani chembe ikiingia jichoni inaunguza kwa joto lake na kwa ukali wake wa kialkali.

Awamu ya pili haina kelele. Chokaa iliyozimwa hukandwa na mchanga, ikapakwa ukutani, ikaanza kunyonya hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa kalisi kabonati, yaani jiwe. Hapo kila moli inatoa kilojuli 113. Hakuna fundi anayeziona, kwa sababu ugumu huanzia nje kwenda ndani kwa miezi na miaka, na joto linatoka kidogokidogo hata kiganja hakilitambui.

Jumlisha: 65 na 113 ni 178. Kile ambacho tanuri lilikopesha kimerudi chote, sehemu kwa mvuke wa dakika chache, sehemu kwa ukuta uliokauka taratibu. Mwaka 1840 Germain Hess, mkemia aliyefanya kazi St. Petersburg, alitangaza kanuni ya jambo hili: jumla ya joto la mmenyuko hutegemea ulipoanzia na ulipoishia, haijali umepita njia gani wala hatua ngapi. Alilisema kabla wanafizikia hawajakubaliana kwamba nishati haiumbwi wala haipotei.

Hadi hapo tumekuwa tukipima joto tu, na mtu anaweza kudhani kwamba mmenyuko unaotoa joto hujiendea wenyewe na unaofyonza lazima usukumwe. Ndoo ya urea inakanusha. Mkulima akikoroga mbolea ya urea kwenye maji, ndoo inapoa mkononi. Mchanganyiko unafyonza joto kutoka kwenye maji na ndoo yenyewe, lakini hakuna aliyewasha moto wala aliyelazimisha kitu. Urea inayeyuka kwa hiari yake huku ikijipoza.

Kinachoamua mwelekeo ni mambo mawili kwa pamoja. Moja ni joto linalotoka au kuingia. La pili ni jinsi chembe na nishati zinavyopata nafasi ya kutawanyika, ambako wanasayansi hukuita entropia. Mmarekani Josiah Willard Gibbs, katika miaka ya 1870, aliyaunganisha yote kwenye kipimo kimoja: chukua badiliko la joto la mmenyuko, toa halijoto iliyozidishwa kwa badiliko la entropia. Jibu ni badiliko la nishati huru, yaani ile inayoweza kufanya kazi. Likiwa hasi, mmenyuko unaweza kujiendea. Likiwa chanya, haujiendei. Lazima upate pa kuegemea.

Rudi kwenye tanuri na kipimo hicho mkononi. Jiwe linapoachia gesi, entropia inaongezeka kwa kilojuli 0.16 hivi kwa kila moli na kila kelvini. Kwenye kivuli cha mchana, kelvini 298, zidisha upate 48. Haifiki 178 ng'o, na ndiyo maana kuta za Gedi haziyeyuki juani. Panda hadi kelvini 1,120, karibu nyuzi 850 za Selsiasi, na zao hilo linafika 179. Mizani imepinduka. Moto wa tanuri unavuka hapo kuelekea 900 ili kazi iende kwa kasi inayofaa.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti, nami naona vitabu vyetu vingi vya shule vinayachanganya bila aibu. Swali la kwanza: joto linaingia au linatoka? Hilo hujibiwa na kipimajoto. La pili: nishati huru inapungua au inaongezeka? Hilo ndilo linalosema kama mmenyuko utajiendea. Mara nyingi majibu hulingana, lakini si lazima. (Liko na la tatu, la kasi. Gunia la mkaa hukaa stoo mwaka mzima bila kuwaka ingawa mizani yote inauruhusu, kwa sababu lazima kwanza vifungo vichache vivunjwe, na kuvunja ni gharama. Kiberiti hulipa gharama hiyo. Mwilini vimeng'enya, protini zinazoharakisha mimenyuko, huipunguza.)

Sasa tuingie mwilini. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama, wakapima hewa ukaa aliyoitoa, halafu wakalinganisha na mkaa unaowaka na kutoa hewa ukaa ya kiasi hichohicho. Joto lilikaribiana. Kupumua, wakasema, ni kuungua kwa polepole. Kihesabu walikuwa sahihi, na Hess angewaunga mkono: glukosi ikiungua sufuriani au ikitumika ndani ya seli, mwanzo ni uleule na mwisho ni uleule, hewa ukaa na maji.

Ila seli haiwezi kuishi kwa joto. Injini ya gari hufanya kazi kwa sababu ndani kuna moto mkali na nje kuna ubaridi. Joto linaposhuka kutoka huku kwenda kule ndipo pistoni husukumwa. Ndani ya seli kila pembe ina nyuzi 37. Hakuna pa kushukia. Joto likishatoka limeshapotea kwa upande wa kazi, linafaa kutunza uvuguvugu tu. Kwa hiyo nishati huru ya chakula lazima inaswe kabla haijageuka joto, na mnaso wenyewe ni ATP.

Karl Lohmann aliitambua ATP mwaka 1929. Mwaka 1941 Fritz Lipmann aliandika makala iliyoieleza kama sarafu ya nishati ya uhai, na akachora vifungo vyake vya fosfeti kwa mstari wa mawimbi kuonyesha kuwa ni vya thamani. Mstari ule ndio uliozaa ile sentensi ya daftarini. Wakemia walielewa alichomaanisha. Vizazi vya wanafunzi vikaelewa kwamba ndani ya kifungo mna kitu kilichobanwa kinachosubiri kufyatuka.

Kinachotokea ni hiki. ATP ina fosfeti tatu zilizopangwa mstari mmoja, zote zikiwa na chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Maji yakiingia, kifungo kimoja kinavunjwa, na hapo nishati inaliwa kama kawaida. Lakini vinavyoundwa baada yake vimetulia zaidi: msukumano umepungua, fosfeti iliyojitenga inasambaza elektroni zake vizuri zaidi, na molekuli za maji zinaizunguka na kuishika. Faida inazidi gharama. Katika hali sanifu ya maabara, nishati huru inapungua kwa kilojuli 30.5 kwa moli.

Ndani ya seli hai punguzo hilo hufika 50 hivi, na hapa ndipo penye siri kubwa kuliko kifungo chochote. Mmenyuko wa ATP na maji ungeachwa ufike mwisho wake, karibu ATP yote ingekwisha na ADP (ATP iliyopoteza fosfeti moja) na fosfeti zingejaa. Seli hairuhusu. Kila mara inaitengeneza ATP upya na kukiweka kiwango chake juu ya hapo kwa mamilioni mengi ya mara. Nguvu ya ATP iko kwenye umbali huo kati ya ilipo na ilipotaka kuwa. ATP iliyoachwa ikatulia kabisa, ikiwa na vifungo vyake vilevile, haiwezi kusukuma chochote.

Inasukumaje, basi? Mtu anayeteka maji kisimani anaweza kufunga jiwe zito upande wa pili wa kamba ya kapi: jiwe likishuka, ndoo inapanda, mradi jiwe liizidi ndoo na kamba iwe moja. Kamba ndiyo yenye maana. Jiwe likidondoshwa pembeni bila kufungwa na chochote, mshindo utasikika na ndoo itabaki chini. Vivyo hivyo, seli ikiiacha ATP ivunjwe na maji tu, itapata joto basi. Tazama hatua ya kwanza anayokutana nayo glukosi akiingia ndani ya seli. Kumbandika fosfeti kwa kutumia fosfeti huru kunadai kilojuli 13.8, hakujiendei. Kimeng'enya kiitwacho heksokinesi kinamshika glukosi mkono mmoja na ATP mkono wa pili, na fosfeti inahama moja kwa moja kutoka hii kwenda kwa yule bila kupitia majini. Mimenyuko miwili imekuwa mmoja: 13.8 toa 30.5, jibu ni hasi 16.7. Unajiendea. Na glukosi aliyebandikwa fosfeti hawezi tena kutoka nje ya seli kirahisi, jambo linalofaa vilevile.

Kiasi cha ATP kinachozunguka kinashangaza. Mtu anayekula kilojuli 8,400 kwa siku, kama chakula chote kingekuwa glukosi, angetumia moli tatu hivi. Kila moli ya glukosi hutengeneza takriban moli 30 za ATP. Vitabu vya zamani vilisema 36 au 38, na namba hizo zimeachwa. Moli 90 za ATP, kila moja gramu 507, ni kilo 45. Lakini mwilini kwa wakati wowote hamna hata robo kilo. Kila molekuli inavunjwa na kujengwa upya mara mamia kwa siku.

Ujenzi huo hufanyika zaidi ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Elektroni zinatolewa kwenye chakula na kupelekwa hatua kwa hatua hadi kwenye oksijeni, na nishati inayopatikana njiani inatumika kusukuma protoni, viini vya hidrojeni vyenye chaji chanya, nje ya utando wa ndani. Protoni zikirundikana upande mmoja zinataka kurudi, na njia ziliyoachiwa ni kupitia kimeng'enya kinachozunguka kweli, kwa zaidi ya mara mia kwa sekunde, kikitoa ATP tatu kila mzunguko. Peter Mitchell alipolipendekeza wazo la protoni mwaka 1961 wengi walilipinga; Tuzo ya Nobel akaipata 1978. Paul Boyer na John Walker walitunukiwa mwaka 1997 kwa kueleza kimeng'enya chenyewe.

Tazama oksijeni ilipokaa katika msururu huo: mwishoni, ikipokea. Tunasema nishati iko kwenye sukari, kwenye ugali, kwenye mafuta. Ni nusu ya habari. Kifungo cha oksijeni ni dhaifu kikilinganishwa na vile inavyounda ndani ya maji na hewa ukaa, na sehemu kubwa ya faida inatokana na pengo hilo. Mnyime hamira oksijeni, abaki kuichachusha glukosi tu: anapata ATP mbili badala ya 30, na hata pombe inayobaki bado inaweza kuwashwa kiberiti. Majani ya mmea hufanya kinyume cha haya yote. Yanatumia mwanga kulipia kilojuli 2,870 kwa kila moli ya glukosi, na yanachokitengeneza ni jozi, sukari upande mmoja na oksijeni upande mwingine, vikisubiri kukutana tena.

Ukitaka kuiona kazi ya ATP kwa macho, nenda machinjioni. Saa chache baada ya mnyama kuchinjwa nyama inakakamaa kama ubao. Wengi hudhani msuli hutumia nishati kukaza, kwa hiyo nishati ikiisha ungelegea. Lakini nyuzi za msuli hukamatana, na ATP inahitajika ili ziachiane. Damu imekoma, oksijeni imekoma, ATP imekwisha. Nyuzi zimebaki zimeng'ang'aniana mpaka zianze kuoza au kulainika kwa vimeng'enya vya nyama yenyewe.

Na kamba ya kapi ikikatwa mtu akiwa hai? Hilo nalo lina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa waliokuwa wakishika kemikali iitwayo dinitrofenoli walikonda, wakatoka jasho jingi, wakapandwa na homa, wengine wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Stanford waliitangaza kuwa dawa ya kupunguza uzito, na watu wengi Marekani wakainywa hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1938. Dinitrofenoli huzibeba protoni na kuzivusha utando wa mitokondria kwa njia ya panya, bila kupitia kwenye kimeng'enya kinachozunguka. Chakula kinaendelea kuunguzwa, tena kwa kasi kwa sababu seli inalilia ATP, lakini karibu yote inaishia kuwa joto. Mtu anakonda kweli. Kipimo kikizidi kidogo halijoto inapanda bila kikomo, na dawa za homa hazisaidii, maana hizo hufanya kazi kwa kurekebisha kiwango cha joto kilichopangwa na ubongo, na joto hili halikupangwa na ubongo. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Hospitali humpoza mgonjwa kwa barafu na kusubiri, na kila baada ya muda habari husikika za kijana mwingine aliyeinunua mtandaoni ili apunguze tumbo.